Msimwachie Nyumba Mkamnyima Nauli

Ushauri ni uleule, ukae Mbagala au ukae Bunju. Watu wakishajua kuwa una mtoto mwenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo, na kwamba mtoto mwenyewe ameshavuka miaka 18, wenye mapenzi mema hukuvuta pembeni. Itakuwa baada ya kikao cha vikoba, au msibani, au kwenye foleni ya kliniki. Watakwambia: "Jibane, dada yangu. Huyu si kama wenzake. Nunua kiwanja hata huko Chamazi ndani, anza na msingi, panga tofali moja moja, siku ukiondoka awe na pa kujisitiri. Ndugu zake watamwangalia." Anayesema hivyo hasemi kwa ubaya. Mara nyingi ni mtu ambaye mwenyewe alikula ugali na dagaa kwa miaka mpaka akapaua, na anaujua uchungu wa kuhamishwa na mwenye nyumba kila kodi ya miezi sita inapokwisha.

Mimi nina kijana wa namna hiyo, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na ushauri huu nimeusikia tangu akiwa darasani. Naupinga. Nyumba ni kitu chema na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kile kinachokatwa ili nyumba isimame, na ni na imani iliyojificha ndani ya ushauri wenyewe, kwamba kijana wetu ni wa kuhifadhiwa mahali pakavu tu, hana cha kujifunza.

Tazameni kinachokatwa kwanza mzazi anapoanza kujibana. Ada ya mdogo wake wa sekondari haikatwi, wala sitaki ikatwe. Mchango wa harusi ya mtoto wa shemeji haukatwi. Kinachokatwa ni nauli ya kijana mwenye ulemavu. Kwa nini aende Kariakoo, anakwenda kufanya nini? Simu ya nini, atampigia nani? Viatu vipya vya nini, wakati hatoki? Kila swali linaonekana la busara likisimama peke yake. Yakikusanywa kwa miaka mitano, matokeo yake ni mtu wa miaka 25 anayeujua ua wa nyumba yao, choo, na runinga ya jirani, basi. Na mama yake anahesabu: mwaka huu nimeweka kiasi fulani, nimefika kwenye lenta.

Shimo hilo la kukaa ndani huanza siku shule inapokwisha. Dar es Salaam ina shule za msingi za umma zinazowapokea watoto hawa: Mtoni Maalum kule Temeke, Sinza Maalum, Uhuru Mchanganyiko katikati ya jiji. Mtoto akiwa huko ana ratiba, ana mwalimu anayemwita kwa jina, ana rafiki wa kugombana naye. Akitoka, wengi hawana pa kwenda. Kipo Chuo cha Yombo, cha serikali, kinachofundisha ufundi kwa watu wenye ulemavu, na VETA ya Chang'ombe nayo haiko mbali kwa mtu wa Temeke, lakini nafasi hazitoshi na si kila kijana atakidhi masharti ya kuingia. Kwa hiyo wengi hurudi nyumbani. Ujuzi walioupata shuleni, wa kufunga vifungo, kuhesabu hadi ishirini, kusubiri zamu, huanza kuyeyuka. Na ni wakati huohuo ambapo mzazi, akiona hakuna tena ada wala sare ya kununua, hufurahi kwamba sasa ataweza kuweka akiba. Anaiona ni nafuu. Mimi naiona ni hasara kubwa kuliko zote atakazopata, maana kuanzia siku hiyo mwanawe anarudi nyuma kila wiki.

Tufanye hesabu, maana wanaotoa ushauri huu hupenda hesabu. Tuseme nauli ya daladala ni shilingi 700 kwa safari moja. Mama na kijana wake kutoka Mbande hadi Rangi Tatu, kwenda na kurudi, ni 2,800. Wakifanya hivyo mara mbili kwa wiki ni 5,600. Kwa wiki 26, yaani nusu mwaka, ni 145,600. Katika nusu mwaka huo kijana anajifunza kuitambua rangi ya mstari wa gari lake, kuyasoma au kuyakariri maandishi ya mbele, kushika bomba, kumlipa konda na kusubiri chenji, kusema "shusha" kabla kituo hakijapita. Nusu mwaka wa pili anapanda peke yake, mama akimpakia mwanzo wa safari na mtu wanayeaminiana akimpokea mwisho wake. Gharama inakuwa nusu, 72,800. Jumla kwa mwaka mzima ni 218,400. Kwa fedha hiyo dukani utarudi na mifuko kumi na kitu ya saruji.

Sasa upande wa pili wa daftari. Kijana ambaye hakufundishwa, kila safari ya maisha yake ina nauli mbili. Akienda kliniki, kaka yake hafungui kibanda siku hiyo. Akihitaji kupiga picha ya kitambulisho, dada yake anaomba ruhusa kazini, na mwajiri akiombwa ruhusa mara ya tatu atachoka. Mkodishie bajaji, ni maelfu kwa siku. Zidisha kwa miaka arobaini atakayoishi baada yako. Mifuko kumi na kitu ya saruji imemgharimu mdogo wake miaka. Ndiyo maana nasema akiba ya namna hii si akiba. Ni deni lililohamishwa kutoka kwa mzazi aliye hai kwenda kwa mtoto mwingine ambaye hakuulizwa.

Na nyumba je? Twende nayo mpaka mwisho, tuone inafanya nini mwenye nyumba akishazikwa.

Mama amefariki. Matanga yameisha. Ndugu wanakaa kikao cha ukoo, wanaandika muhtasari, wanamchagua msimamizi wa mirathi. Msimamizi anakwenda mahakamani. Kwa wakazi wa jiji hili, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu chini ya paa moja. Ni hatua njema, imewapunguzia watu safari. Lakini mahakama husikiliza aliyefika mbele yake na karatasi zake. Katika kikao kile cha ukoo kijana mwenye ulemavu alikuwa nje na watoto wadogo, kwa sababu miaka yote vikao vilipokaa aliwekwa nje na watoto wadogo. Muhtasari hauna sahihi yake. Hajui kuwa nyumba ni yake. Hajawahi kumwona mpangaji akilipa kodi. Hana kitambulisho cha NIDA, hana akaunti, hana laini ya simu, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, asiye na namba ya NIDA hana pa kupokelea hata shilingi elfu kumi. Hiyo nyumba ni yake kwa mdomo wa marehemu tu, na marehemu hasemi.

Mara nyingi hata mdomo wenyewe haukuwekwa sawa kisheria. "Nyumba hii ni ya fulani" ikisemwa sebuleni kila sikukuu haiwi wosia. Wakristo wengi na watu wanaofuata mila hudhani kuandika wosia ni kujitabiria kifo. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, inazo huduma za kuandika na kuhifadhi wosia, na wanaozitumia ni wachache mno ukilinganisha na wanaojenga. Kwa Waislamu, ambao kwenye kata nyingi za Temeke ndio majirani zetu, jambo lina uzito wake: wosia haupiti theluthi ya mali, na mrithi hausiiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Mama aliyeandika "nyumba ya Chamazi apewe mwanangu mgonjwa" akadhani amemaliza, ameacha karatasi ambayo kaka mmoja akikataa, inaanguka kwa fungu lake. Dini haikumfungia njia. Ipo hiba, anayoitoa akiwa hai na kuikabidhi kweli, na wapo wanazuoni wanaoruhusu kumzidishia mtoto mwenye haja kama hii. Ipo waqfu, ambayo watu wa pwani hii wameitumia kwa karne nyingi kukiwekea kizazi chao nyumba na minazi isiyouzwa wala kugawanywa, faida yake ikimwendea aliyetajwa. Lakini yote mawili yanataka mzazi aende kwa shehe na kwa mwanasheria wakati miguu bado ina nguvu, na yanataka mtu wa kusimamia. Tunarudi palepale: mtu. Mzazi aliyetumia kila senti kwenye nondo hakubakiza ya kumlipa mwanasheria wala muda wa kumtengeneza msimamizi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi mpaka siku wanapokutana nalo dirishani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18. Akishavuka, wewe si mwakilishi wake tena kwa sababu tu ulimzaa. Benki itamtaka yeye. Ofisi ya ardhi itamtaka yeye. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 ya mkataba huo inamtambua mwanao kama mtu kamili mbele ya sheria, mwenye haki ya kumiliki na kurithi, na mwenye haki ya kusaidiwa kuamua. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010. Hizo ni habari njema kwa kijana aliyezoeshwa kuulizwa na kujibu. Kwa kijana ambaye hajawahi kuulizwa hata kama anataka chai au uji, zinaweza kuwa mlango wa tapeli: anasogezewa karatasi ya mauziano na wino wa dole gumba, anaambiwa bonyeza hapa, naye anabonyeza kwa sababu miaka 30 amefundishwa kutii tu. Nyumba ikimwangukia mtu aliyelelewa hivyo, inamwita kila mwenye tamaa aje.

Sasa nigeukie nguzo ya pili ya ushauri ule: ndugu zake watamwangalia, damu nzito. Sisi ni watu wa ukoo na siwezi kuusema vibaya. Hata sheria zetu zilijengwa juu ya imani hiyo. Sheria ya matunzo ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1982 iliweka wajibu wa kuwatunza kwanza kabisa kwa familia na jamaa. Lakini ndugu wa 1982 alikuwa na shamba la mihogo na nyumba ambamo mtu mmoja zaidi hakuongeza kodi. Ndugu wa leo amepanga chumba na sebule Buza, ana watoto watatu na mkopo wa kausha damu. Si kwamba moyo wake umekuwa mgumu. Hata ndugu wote wakikubali kumchukua, chumba hakiongezeki.

Na tena, huyo ndugu alitayarishwa lini? Mama alimficha kila kitu. Dawa za kifafa anazijua mama. Namna ya kumtuliza akichafukwa anaijua mama. Kwamba hali bamia, kwamba akiimba usiku maana yake jino linauma, anajua mama peke yake, na anajivunia kwamba hamsumbui mtu. Siku anaanguka na presha, ujuzi wote unaingia kaburini naye, na dada mtu anakabidhiwa mwanamume mzima asiyemjua, pamoja na funguo za nyumba isiyokwisha. Akishindwa baada ya miezi mitatu, ukoo unamlaani. Namtetea dada huyo. Alirithishwa kazi ambayo hakufundishwa, na mshahara wake ni kodi ya vyumba viwili visivyo na dari.

Kuna wazazi waliolikabili swali hili mapema kuliko sisi. Huko Canada, mwaka 1989, kikundi cha wazazi wa jimbo la British Columbia, wakiwamo Al Etmanski na Vickie Cammack, kilianzisha shirika lililoitwa Planned Lifetime Advocacy Network kwa sababu ya swali moja tu: tukifa, mtoto wetu atakuwa na nani? Hao ni watu wa nchi yenye fedha, yenye ruzuku, yenye nyumba za kulelea. Na bado jibu walilolifikia ni kumzungushia kila mtu mwenye ulemavu duara la marafiki na watu wazima waliokubali wenyewe, wanaokutana naye mara kwa mara mzazi akiwa bado hai. Baadaye wakaisukuma serikali yao mpaka mwaka 2008 ukaanza mpango wa akiba mahususi kwa watu wenye ulemavu. Zingatieni mpangilio: watu walitangulia, akiba ikafuata. Sisi tunaoishi kwenye mitaa ambayo mtu akichelewa kurudi majirani wanaulizana, tunaambiwa tuanze na tofali.

Sisemi wazazi waache kubana matumizi. Maisha ya Dar es Salaam hayampi mtu wa kipato chetu uchaguzi huo, na mwenye mtoto mwenye ulemavu anabanwa zaidi ya wengine, maana kuna dawa, nepi za mtu mzima kwa baadhi yetu, na siku za kazi zinazopotea. Nasema tubane kwingine, na tubane pamoja naye.

Kwingine wapi? Nianze na michango. Kila mwezi kuna kamati ya harusi, kuna sendofu, kuna kitchen party, kuna kadi ya double na sare iliyokwisha kuchaguliwa rangi. Mzazi aliyemkatia mwanawe nauli ya 1,400 kwa siku anatoa mchango wa laki moja kwa harusi ya mtu ambaye hajawahi kumsalimia mwanawe. Anatoa kwa woga wa kusemwa, na kwa tumaini kwamba watu hao watakuwa naye siku ya shida. Kama ni hivyo, basi awaombe sasa. Amwambie shemeji: mwaka huu sitoi mchango, ila kila Jumamosi naomba huyu kijana aje kwako, mle naye, umpeleke sokoni. Atakayekubali, huyo ndiye mtu wa baadaye. Atakayekasirika ameonyesha mapema kwamba laki yako isingekununulia kitu. Nafahamu ni neno gumu kulisema katika mji huu. Ni gumu, na wanaotushauri tujinyime wasione haya tukianza kujinyima hapo.

Na kubana pamoja naye ndiyo shule yenyewe. Nyumba inayobana matumizi ni mahali pazuri kuliko pote pa kumfundisha mtu fedha, kwa sababu kila kitu kinanunuliwa kidogo kidogo na kwa mkono: mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, nyanya za fungu, umeme wa LUKU wa elfu mbili. Mtu asiyejua kusoma anaweza kujua kuwa noti ya buluu ni buku na nyekundu ni msimbazi, na kwamba anayekuomba nyekundu kwa fungu la nyanya anakuibia. Anayeweza kutambua tarakimu, hata kama hazijumlishi, anaweza kuingiza zile namba 20 za LUKU, moja baada ya nyingine, na taa ikawaka, na akajua ni yeye aliyeiwasha. Mtume gengeni kila siku kwa muuzaji yuleyule. Atakosea. Atarudi na vitunguu ulipomtuma karoti. Hiyo mia tano iliyopotea ndiyo ada, na hakuna chuo kinachotoza ada ndogo kuliko hiyo. Halafu yule mama wa genge anamjua, muuza mkaa anamjua, fundi pikipiki wa kona anamjua kwa jina lake wala si kwa jina la ulemavu wake. Watu hao hawamo katika wosia wowote, na ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza, "Mbona leo hajapita?"

Akishika hilo, mpe posho yake, hata elfu tano kwa wiki, aitumie mwenyewe mpaka iishe Jumanne na akae bila kitu hadi Jumapili. Mwandikishe NIDA. Msajilie laini kwa kidole chake mwenyewe. Mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aandikwe. Kama una chumba cha kupangisha, mpangaji akileta kodi, kijana awepo, ahesabu, apokee, hata kama wewe unahesabu tena baadaye. Ikiwa akiba inabaki, iweke mahali isipogeuka pagala la kunyeshewa. Iko mifuko ya uwekezaji ya pamoja ya UTT AMIS, kwa mfano ule wa Hatifungani ulioanzishwa 2019, ambao una mpango wa kulipa gawio kila mwezi. Gawio la kila mwezi linaloingia kwenye simu ya mtu anayejua kulitumia linamfaa kuliko chumba cha tatu ambacho hakitapata bati mpaka uzee wako.

Wapo watakaonijibu, na majibu yao si mepesi. Watasema: una mtoto wa kiume wewe, sisi tuna mabinti. Binti mwenye ulemavu wa akili akitoka peke yake atadhuriwa. Ni kweli kwamba mabinti hawa wanawindwa, na sitamwambia mama yeyote alegeze macho. Lakini tuseme ukweli wote. Wanaowadhuru mara nyingi ni watu wanaowafahamu, wanaoingia ndani ya ua, wanaojua saa mama anapotoka kwenda kuuza vitumbua. Kumfungia hakumlindi na hao. Kinachomlinda ni kujua majina ya viungo vyake, kujua kusema sitaki na kuona kuwa sitaki yake inaheshimiwa hata kwenye mambo madogo kama kusukwa nywele, kuwa na watu watano wa kuwaambia na si mmoja, na kuonekana kila siku na macho mengi. Binti ambaye hakuna mtaani anayejua kuwa yupo, ndiye rahisi kudhuriwa bila mtu kujua.

Watasema pia: mwanangu mimi hatembei, hasemi, hajisaidii, kujitegemea kwake ni hadithi. Kwa mzazi huyu nina heshima isiyo na mpaka, na simwambii habari za daladala. Lakini kujitegemea si kuishi peke yako. Mtu anayelishwa anaweza kuchagua alishwe nini na nani, akakuonyesha kwa macho. Anaweza kuzoea mikono ya watu watatu badala ya mikono ya mama tu, na hilo ndilo maandalizi makubwa kuliko yote kwake, maana siku mama anapolazwa, mtoto aliyezoea mkono mmoja hukataa chakula. Andika daftari: dawa, saa, namna ya kumgeuza, anachopenda, kinachomtisha. Daftari la shilingi elfu moja. Kisha mwalike mtu aje ashike zamu, umlipe kidogo ukiweza. Hiyo ni fedha ya tofali, ndiyo, na naitaja bila haya.

Tena watasema kwamba nawabebesha wazazi kazi ya serikali. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, karibu mtu mmoja kati ya tisa. Kenya ilianza mwaka 2011 kuzipa fedha kaya za watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Si nyingi, lakini zina jina la mtu na zinaingia. Huku Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mwenye ulemavu mkubwa, na inapaswa kudaiwa. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu; ile ya ajira ya watu wenye ulemavu ya 1982 ilisema asilimia 2 kwa wenye wafanyakazi 50. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Nani ataidai asilimia hiyo tatu kwa ajili ya kijana ambaye hajawahi kuonekana na mwajiri yeyote? Nani atampa mkopo wa kuku mtu asiye kwenye daftari la mtaa? Kumficha mtoto ndani ili kuokoa nauli kunaiokolea pia serikali aibu yake. Wakiwa barabarani, vituoni, kwenye foleni za halmashauri, wakisubiri kama wengine, ndipo viongozi watakapowahesabu.

Na watabaki wale wasemao: yote hayo mazuri, lakini usiku ule wa kwanza bila mama atalala wapi? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba usiku ule usiwe wa kwanza. Wengi wetu tulioanza kujenga tuna kachumba ka uani, kale tulikoanza nako, ambako sasa tunawekea mifuko ya saruji na baiskeli mbovu. Katoeni hivyo vitu. Fedha iliyokuwa iende kwenye paa la nyumba kubwa itie mlango imara, kitasa anachokiweza yeye, swichi ya taa karibu na kitanda. Ahamie humo mwaka huu, mkiwa mmetenganishwa na hatua chache za mchanga. Ajifunze kufunga kwa ndani na kufungua akiitwa. Apike uji wake, auunguze, asugue sufuria. Wiki ya kwanza utakesha wewe. Mwezi wa tatu utampigia simu kutoka chumbani kwako kumuuliza kama amekula, naye atakwambia yuko kwa mama wa genge, anakuja.